Nne, Hodi Mlangoni

Jumatano, 20 Machi

Keeley wangu amepata chuo kikuu! Leeds! Saikolojia! Nimeshamwandikia dada wa mume wangu Clive, nimemwambia mpeleka barua, nimemwambia na mama wa duka la mikate ambaye hata hakuniuliza, na sasa nakwambia wewe daftari, uliyeletwa na Noreen wa bingo wakati wa Krismasi ukalazwa kwenye droo ya mataulo kwa sababu sikuwa na la kuandika. Leo ninalo.

Nilikuwa namenya viazi. Keeley akashuka ngazi, akaniwekea simu mbele ya macho. Nikasoma mstari wa kwanza, "Tunafurahi kukupa nafasi," machozi yakajaa, mengine sikuyaona tena. Mara Clive akaingia kutoka kiwandani kwao wanakokausha samaki kwa moshi, ananuka hadoki, samaki wao, kama siku zote, tukakumbatiana watatu palepale kwenye maganda ya viazi.

"Baba, nywele zangu! Nimeziosha leo!"

"Utaziosha tena Leeds," akasema Clive. Kwa Clive hiyo ni hotuba.

Sisemi kwa sababu ni wangu, lakini kwenye ukoo wetu, upande wangu na upande wa Clive, hakuna aliyewahi kuvuka mlango wa chuo kikuu isipokuwa binamu yangu Terry, naye alikwenda kupaka rangi.

Ijumaa, 22 Machi

Leo zamu yangu. Mimi ndiye mtangaza namba kwenye ukumbi wa bingo hapa ufukweni Cleethorpes, na kuna watu wanapanda basi kutoka mbali kuja kusikia sauti hii. Mashine inatema mpira wenye namba, mimi natangaza namba hiyo kwa jina lake la tangu zamani, la umbo lake au la kina cha Kiingereza tu, nao wanaitafuta kwenye tiketi zao. Tatu, kikombe cha chai. Nne, hodi mlangoni, na ukumbi mzima unajibu, "Nani huyo?" Kumi na moja, miguu, maana tarakimu zake zimesimama kama miguu miwili, na wazee wanapiga mbinja. Ishirini na mbili, bata wawili, "Kwa! Kwa!" Tiketi yako ikijaa unapiga kelele "Nyumba!" nasi tunaisimamisha mashine na kuja kuhakiki. Majina yote nilifundishwa na mama yangu, aliyetangaza kwenye ukumbi huuhuu enzi za zulia jekundu na moshi wa sigara mzito kuliko ukungu wa baharini.

Basi watu walipokuwa wanachukua chai nikashika kipaza sauti. Nikasema, "Mabibi na mabwana, yule mtoto aliyekuwa akilala chini ya meza hii, ameingia chuo kikuu."

Makofi! Mbinja kama vile nimetangaza kumi na moja! Noreen, ambaye ana miaka themanini na kitu na kiti chake ni kile cha karibu na kipasha joto, ole wako ukikikalia, akafuta macho kwa kitambaa cha meza.

"Leeds kuna baridi," akasema. "Mtoto atahitaji blanketi."

Hata raundi ya mwisho haijaanza, wameshagawana: kila anayejua kufuma, afume mraba mmoja, Noreen ataunga. Keeley sijamwambia. Ajikute nalo tu siku moja begani.

Jumapili, 24 Machi

Mvua. Nyama ya kuoka ikakauka kidogo. Keeley kala viazi, akarudi juu.

Jumanne, 26 Machi

Mkutano wa wazazi. Nimevaa koti la harusi ya Terry.

Mwalimu wa saikolojia ni Bwana Whitcombe, kijana mrefu anayekaa kama kiti kinamuuma. Akasema Keeley ana akili sana. Nikamwambia najua. Akasema kuna jambo linalomtia wasiwasi. Nikacheka, nikamwambia, "Wasiwasi wa nini mwalimu, na mtoto ameshaingia?"

Akamtazama Keeley. Keeley akatazama viatu vyake.

"Bi Stubbs," akasema taratibu, "nafasi aliyopewa ina masharti. Lazima apate B kwenye saikolojia. Katika mtihani wa majaribio alipata D."

Kisa chenyewe ni swali moja. Mwisho wa karatasi ya tatu kuna swali la alama kumi na sita juu ya mijadala mikuu ya saikolojia: je, mtu anatenda kwa hiari yake au analazimishwa na mambo asiyoyaona, je, ni maumbile au malezi, mambo kama hayo. Keeley aliandika jina la mjadala, akapiga mstari chini yake kwa rula, akaishia hapo. Ukurasa mweupe.

Njiani kurudi nikamuuliza, "Mbona hukuniambia kuna masharti?"

"Yalikuwa mstari wa pili, Mama."

Jumamosi, 30 Machi

Jana ilikuwa Ijumaa Kuu na ukumbi ulikuwa wazi. Noreen ameshapokea miraba, na blanketi linafunika magoti yake. Nilikusudia kuwaambia juu ya masharti. Nikapanda pale juu, nikasafisha koo, nikatangaza raundi ya kwanza.

Jumatatu, 1 Aprili

Keeley alikuwa mezani jikoni na kadi zake, kila mjadala na rangi yake. Nikamwambia lete nikuulize.

"Soma swali tu, Mama. Usiigize."

Mimi nisiigize! Nikachukua kadi ya juu, nikaipaza sauti kama niko ukumbini: "Na ya kwanza kutoka, moja peke yake, jichooo!"

Alijaribu kununa, akashindwa. Kadi ile ilikuwa ya upendeleo wa kijinsia: wataalamu wa zamani walichunguza wanaume tu, halafu wakasema wamewachunguza binadamu. "Basi si ndiyo jicho moja hilo?" nikasema. Akaniangalia. Akachukua kalamu akaandika namba moja pembeni ya kadi na kuchora jicho.

Tukaenda hivyo mpaka chai ikapoa. Mbili, bata mmoja: bata anayedhani kila bwawa duniani ni kama bwawa la kwao. Huo upendeleo wa kitamaduni. Tatu, kikombe cha chai: maumbile na malezi, maana chai ni majani au ni muda ulioyaacha kwenye maji? Keeley akasema hiyo nzuri, kwa sababu hakuna anayeweza kunywa kikombe akasema majani yanaishia hapa na maji yanaanzia hapa. Sita, nusu dazeni: unachunguza yai moja kwa undani au boksi zima, yaani mtu mmoja au watu wote? Lile neno la boksi zima, nomothetiki, mimi nalitamka nondothetiki, Keeley akacheka mpaka akashika friji.

Nne ikawa hodi mlangoni. Hiari au ulazima. Mtu anabisha, unafungua: ni kwa sababu umetaka, au kwa sababu ulilelewa kufungua?

Kwenye hiyo Keeley hakucheka. Akaiweka chini ya zote. "Hii ndiyo niliyoiacha," akasema.

Nilipokuwa nasafisha vikombe nikakumbuka siku yake ya kwanza ya shule ya watoto. Mwalimu aliinua kibao chenye namba kumi na moja akauliza hii ni nini. Keeley, mkia wa nywele kila upande, akasimama akasema "Miguu!" na akapiga mbinja. Mwalimu aliniita. Mimi nilijivuna wiki nzima. Alikuwa anajua namba zote mpaka tisini, zote kwa majina yao, kutoka chini ya meza yangu, huku anapanga vifuniko vya chupa na kuvitangazia. Nikimtazama sasa na kadi zake, bado namwona na ile mikia miwili.

Ijumaa, 5 Aprili

Blanketi limefika kiunoni kwa Noreen. Sikusema.

Jumatano, 10 Aprili

Keeley amekuwa balaa. Kila kitu kina upande wa pili. Clive akasema chipsi za leo zina mafuta. "Kwa upande mmoja," akaanza Keeley. Clive akachukua sahani yake akaenda kula na mbwa.

Ijumaa, 12 Aprili

Blanketi limefika kifuani. Kuna mraba wa buluu una herufi L. Sikusema.

Jumamosi, 20 Aprili

Nilikuwa naanika nguo, upepo unatoka baharini unazichapa kweli, Keeley akaingia kwa geti la nyuma. Mkononi ana chipsi, hazijafunguliwa. Uso mweupe kama karatasi iliyozifunga.

"Mama, uliwaambia nini watu wa bingo?"

Nikajifanya nina kibanio mdomoni.

"Noreen kanishika mkono mbele ya foleni nzima. Kaniita profesa. Muuza chipsi akaniongezea kipande cha samaki, eti zawadi ya chuo. Kuna blanketi, Mama. Lina herufi L."

"Wanakupenda, mwanangu."

"Uliwaambia nini?"

"Niliwaambia umepata."

"Sijapata!"

"Umekaribia."

"Hakuna kukaribia!" Sauti yake ilimfanya mbwa wa jirani anyamaze. "Wewe mwenyewe, mtu akipiga kelele Nyumba na namba moja bado haijatoka, unamwambiaje? Unamwambia umekaribia?"

 Nilishika shuka ile yenye maji, inanilowesha tumbo.

"Unadhani kwenye majaribio niliacha wazi kwa sababu sikujua?" akaendelea, sasa kwa sauti ya chini, ambayo ilikuwa mbaya zaidi. "Nilijua mno. Kila nikitaka kuandika upande huu, upande ule unaniita. Nikiuendea ule, huu unanivuta shati. Muda ukaisha nimekaa katikati kama mtu aliyekosa pa kuvukia barabara. Na itakuwa vilevile, Mama, ila safari hii nyuma yangu kuna ukumbi mzima na blanketi."

"Keeley..."

"Na nikikosa? Kila Ijumaa utapanda pale juu, na mimi nikipita dirishani watanitazama. Wewe umeshaniamulia. Hata hodi hukupiga."

Akaingia ndani. Kadi zikaondoka mezani. Chipsi nikazikuta juu ya boksi la takataka, bado zimefungwa, za moto.

 Mimi nilifanya mtihani wangu wa mwisho nikiwa na miaka kumi na sita, na kesho yake nilikuwa kiwandani naweka vipande vya samaki kwenye maboksi. Hakuna aliyenifumia kitu. Hakuna aliyeuliza matokeo. Nilitaka kwa huyu iwe kinyume, basi. Nikataka sana, nikaitangaza kabla haijatoka.

Jumatatu, 22 Aprili

Ukungu wa baharini. Keeley anasomea maktaba.

Jumanne, 23 Aprili

Ukungu. Maktaba.

Jumatano, 24 Aprili

Ukungu. "Mambo vipi, mwanangu?" "Poa." Maktaba.

Ijumaa, 26 Aprili

Leo mzee Len alipiga kelele "Nyumba!" mpaka akamwaga chai. Tukahakiki tiketi: ishirini na mbili alidhani imetoka, haijatoka. Ukumbi mzima ukaguna, "Aaaah!" kama wanavyofanya siku zote kwa anayedai kabla ya wakati. Nami nikasema ninachosema siku zote: "Dai si halali. Mchezo unaendelea."

Nimeyasema maneno hayo maisha yangu yote. Leo yalinikwama kama mwiba wa samaki.

Blanketi limefika mabegani kwa Noreen. Anauliza kwa nini Keeley hajapita kupima.

Jumapili, 28 Aprili

Nimepanda kumpelekea chai. Mlango ulikuwa nusu wazi. Nikapiga hodi, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, naapa. Hakunisikia, ana vitu masikioni. Alikuwa ameinama, kalamu ameichomeka kwenye nywele, anazungumza peke yake, anapinga, anajijibu, anatikisa kichwa. Mikia ile miwili niliitafuta sikuiona. Kulikuwa na mwanamke mzima mle ndani, anafanya kazi ngumu ambayo mimi siwezi kumfanyia.

Nikaweka kikombe sakafuni nikashuka.

Jumatatu, 6 Mei

Sikukuu. Mvua, kama sikukuu zote. Maktaba imefungwa, kwa hiyo Keeley yuko juu, na mimi nilikuwa jikoni na Clive. Kadi ya nne ilikuwa imeanguka nyuma ya friji tangu ile siku ya chipsi. Nikaipangusa vumbi, nikamwambia Clive, "Hebu tujadili."

"Tujadili nini?"

"Hiari na ulazima. Mimi nasema kila mtu anachagua. Kwa mfano mimi nilichagua kuolewa na wewe."

Clive akaweka gazeti chini. "Hukuchagua. Basi la mwisho lilikuwa limeondoka."

"Basi gani?"

"La kwenda kwenu. Ile Jumamosi ya dansi kule gatini. Ulikuwa unaondoka na yule kijana wa pikipiki, mkagombana, ukakimbilia basi, likakupita. Nami ndiye pekee niliyebaki kituoni. Nilikuwa na mwavuli."

"Mwavuli uliovunjika!"

"Lakini mwavuli."

"Kwa hiyo unasema miaka ishirini na tano ya ndoa ni kwa sababu ya dereva wa basi?"

"Nasema dereva alisaidia."

Nikamwambia hajui saikolojia. Akaniambia mimi ndiye nisiyeijua, kadi nimeishika juu chini. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba huo ni mtazamo wa nondothetiki. Clive akasema la, nondothetiki ni yai. Nikasema yai ni nusu dazeni, mjinga wewe, na hodi mlangoni ni...

Miguu ikashuka ngazi kama mawe.

"Nomothetiki ni boksi ZIMA! Na haihusiani kabisa! Mnaua, wallahi, mnaua kitu ambacho hakijawakosea!"

 Ndiyo mara ya kwanza kutusemesha zaidi ya neno moja tangu zile chipsi.

"Baba anachosema," akasema, anahema, "ni ulazima wa mazingira. Basi limeondoka, mvua inanyesha, huna namna. Mama anasema hiari: nilitaka, basi."

"Nani kapata?" nikauliza.

"Hakuna aliyepata! Wote mko sawa na wote mmekosea. Basi liliondoka, hilo hukulichagua, Mama. Mvua hukuichagua. Kulelewa kwako na Nyanya kwamba msichana hatembei peke yake barabara ya gatini, hukuchagua. Lakini ungeweza kumpigia simu Nyanya. Ungeweza kurudi kwa yule wa pikipiki. Katika yale machache yaliyobaki, ukachagua mwavuli uliovunjika. Huo ndio ulazima laini, na ndiyo maana..."

 Mdomo wazi. Alikuwa anatazama kadi mkononi mwangu lakini haioni.

"Si lazima nivuke upande wowote," akasema. "Katikati ni mahali. Naweza kusimama pale na kusema kwa nini."

Kisha akageuka akapanda ngazi mbili mbili, tukasikia kiti kikivutwa.

Clive akachukua gazeti lake. "Kwa hiyo mwavuli ulisaidia," akasema.

Mwavuli wenyewe ulikuwa wa kijani, ubavu mmoja ulikuwa unaning'inia, na aliushika juu yangu tu, yeye akalowa mpaka soksi. Nilikuwa nimesahau soksi. Kila hatua zilikuwa zinalia kwashu, kwashu, mpaka mlangoni kwetu.

Jumanne, 7 Mei

Kadi zimerudi mezani.  Nikatangaza.

Ijumaa, 17 Mei

Karatasi ya kwanza. Asema sawa.

Jumatano, 22 Mei

Karatasi ya pili. Asema sawa, ila msichana wa mbele yake alikuwa anapiga chafya.

Jumapili, 2 Juni

Kesho. Nimempigia pasi shati ambalo halihitaji pasi. Clive kaleta hadoki, kaipika mwenyewe kwa maziwa, kama alivyokuwa akimpikia Keeley akiwa mgonjwa utotoni. Keeley kala yote.

Jumatatu, 3 Juni

Karatasi ya tatu.

Nilimsindikiza mpaka getini, halafu sikuweza kurudi nyumbani. Nikatembea ufukweni. Maji yalikuwa yamekwenda zake mbali, yale ya Cleethorpes, unaona tope tupu mpaka unajiuliza kama bahari imehama. Nikaketi kwenye benchi tulilokuwa tukikaa yeye akiwa na ndoo yake. Alikuwa akiuliza, "Mama, bahari imekwenda wapi?" nami namjibu, "Imekwenda kuchukua chai, inarudi." Aliniamini miaka mingi.

Ilikuwa inarudi taratibu, mstari wa fedha kule mbali, nilipoinuka kwenda getini.

Wakatoka. Wengine wanalia, wengine wanarusha mifuko. Keeley alitoka wa karibu na mwisho. Nilikuwa na maswali yote kwenye ulimi, nikauuma.

"Msimamizi karibu anifukuze," akasema.

 "Kwa nini?"

"Nimecheka. Kwa sauti. Nilifungua karatasi, nikaenda moja kwa moja mwisho, na lile swali la alama kumi na sita lilikuwa hiari na ulazima. Nikasikia sauti yako, Mama, kama uko kwenye kipaza sauti mle ndani: 'Nne, hodi mlangoooni!' Na mimi nikajibu."

"Ukajibu nini?"

"'Nani huyo?' Watu wote wakageuka."

Nikacheka mpaka nikashika ukuta wa shule. Halafu nikauliza, sikuweza kujizuia: "Na ukaandika?"

"Nimeandika mpaka wakaninyang'anya. Nimewataja wataalamu wote niliotakiwa. Na nimeweka na basi."

"Basi?"

"Kama mfano. Mwanamke fulani, usiku wa mvua, basi limeondoka, kuna mtu ana mwavuli. Sikutaja majina." Akanitazama kwa pembeni. "Lakini wewe umo, Mama. Wewe na Baba. Kuna mtu mahali fulani ataketi asahihishe soksi za Baba."

Nikamuuliza kama soksi nazo ameziandika. Akasema alizisoma begani kwangu nikiziandika hapa, mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Aha.

"Kwa hiyo umepata?" Limenitoka hilo, Mungu anisamehe.

Akasimama. "Sijui. Kweli sijui. Na wewe hujui. Mpaka Agosti hakuna anayejua."

Zamani ningesema, najua umepata. Lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Sawa," nikasema. "Mpaka Agosti."

Akanishika mkono mpaka nyumbani, barabarani, mbele ya watu. Hajafanya hivyo tangu shule ya msingi.

Ijumaa, 7 Juni

Nilimwambia Keeley asubuhi ninachotaka kufanya. Hakusema ndiyo wala hapana. Lakini saa ya kutoka alikuwa mlangoni, amevaa koti.

"Nakuja," akasema. "Kwa hiari."

Aliketi karibu na Noreen. Noreen akamfunika blanketi papo hapo, na lilimfunika lote, kutoka shingoni mpaka kwenye viatu, rangi zote za Cleethorpes, limebaki tundu la mraba mmoja pembeni. Kabla ya raundi ya kwanza nikashika kipaza sauti. Sisemi kwa sababu ni mimi, lakini sauti haijawahi kunitoka safi namna ile.

"Mabibi na mabwana. Tarehe ishirini na mbili Machi, kutoka meza hii, kuna mtu alipiga kelele Nyumba. Tumehakiki tiketi yake. Namba moja bado haijatoka. Dai si halali. Mchezo unaendelea."

 Wakatazamana. Halafu mmoja mmoja wakaelewa, na ukumbi mzima ukaguna ile "Aaaah!" ndefu, sijawahi kuisikia ndefu vile, na mara hii ilikuwa yangu.

"Mtangazaji atolewe nje!" akapiga kelele mzee Len. "Mimi mlinigunia kwa bata wawili tu!"

Wakacheka. Noreen hakucheka. Akamgeukia Keeley. "Kwa hiyo huendi?"

"Sijui, Bibi Noreen. Nilifanya nilichoweza. Ikitoka B, nakwenda. Isipotoka..." Sauti ikayumba kidogo. "Isipotoka, nitawarudishia blanketi."

"Urudishe nini?" Noreen alisema kwa sauti iliyofika kwenye mashine. "Leeds au si Leeds, miguu inashika baridi popote. Hebu vuta hapo ulipopafungua, upepo unaingia. Huo mraba uliobaki nautia siku ya matokeo, na nautia matokeo yawe yoyote. Nijue tu ni lini."

Keeley akanitazama kule juu. Mtoto wangu wa chini ya meza, kichwa tu kinatokeza kwenye pamba zile zote. Akaitikia kwa kichwa: waambie.

Basi nikawaambia. Waje kwetu, wote, na Len pia ingawa atamwaga chai. Saa nne asubuhi, maana bahasha ya matokeo inafunguliwa mapema. Clive ataleta hadoki, Noreen aje na sindano zake. Sitasema kitu mpaka Keeley aseme mwenyewe. Namba itoke au isitoke, birika litakuwa motoni, mlango wa nyuma utakuwa wazi, hodi asipige mtu: Alhamisi, tarehe kumi na tano Agosti.